Zimwi Likujualo: Uovu na Toba katika Filamu za Star Wars

Kila taifa lina hadithi zake, na kila hadithi ina adui wake. Katika ngano za Waswahili adui huyo aghalabu ni zimwi, au fisi mlafi, au mfalme dhalimu. Tunapozifundisha ngano hizo shuleni tumezoea kumchambua shujaa kwa kirefu: asili yake, shida zake na ushindi wake. Mwovu hutajwa kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa mbaya na mwisho wake ukawa mbaya. Desturi hii yafaa ifikiriwe upya, kwa maana msikilizaji huifahamu thamani ya wema anapoonyeshwa namna uovu unavyoanza, unavyokua na unavyowagharimu watu.

Katika insha hii tutachunguza maswali mawili. Kwanza, ni mwovu wa namna gani anayetufunza jambo, na ni wa namna gani anayetutisha tu? Pili, mwovu akitubu, ni nani mwenye haki ya kusema kwamba deni lake limekwisha? Mfano wetu ni filamu za Star Wars, yaani Vita vya Nyota, ambazo Mmarekani George Lucas alizianzisha mwaka 1977. Filamu kuu za mfululizo huo ni tisa, na ya tisa ilitolewa mwaka 2019. Kwa muda wa miaka 42, basi, habari za ukoo mmoja na uovu ulioingia ndani yake zimesimuliwa mbele ya watazamaji wa mataifa mengi, wakiwamo vijana wetu.

Msomaji asidanganywe na vyombo vinavyoruka kati ya nyota. Kwa asili yake hadithi hii ni ngano. Yumo kijana anayelelewa shambani na jamaa zake, asiyemjua baba yake. Yumo mzee mwenye hekima. Yumo binti wa kifalme aliyetekwa. Na iko Dola inayotaka kuzitawala nyota zote kwa hofu. Lucas mwenyewe alichota katika visima vya wengine. Alijifunza kutoka katika filamu ya mwaka 1958 ya Mjapani Akira Kurosawa, inayohusu binti wa kifalme anayepitishwa katikati ya maadui, na pia kutoka katika kitabu cha Joseph Campbell cha mwaka 1949, kinacholinganisha visa vya mashujaa wa mataifa mbalimbali. Kwa hiyo tunayo haki ya kuipima hadithi hii kwa mizani ile ile tunayopimia ngano zetu.

Mwovu mkuu wa filamu hizi ni Darth Vader. Katika filamu ya kwanza yeye ni zimwi kamili. Amevaa deraya nyeusi na joho jeusi, na uso wake umefunikwa kwa kinyago. Mwili ni wa mwigizaji mmoja, David Prowse, lakini sauti nzito tunayoisikia ni ya mwingine, James Earl Jones. Pumzi zake husikika kila aingiapo. Fundi wa sauti, Ben Burtt, alizipata kwa kurekodi pumzi katika kifaa cha kupumulia cha wapiga mbizi. Usanii huu ni wa hali ya juu. Mtazamaji anaogopa kabla mwovu hajatenda lolote. Na papo hapo pumzi zile zinamdokezea kwamba ndani ya chuma kile yumo kiumbe anayehitaji hewa kama sisi.

Hata hivyo, zimwi lina upungufu wake. Zimwi la ngano halina utoto, halina mama, halina siku lililoanza kula watu. Linakula kwa sababu ni zimwi. Mtoto mdogo hufaidika nalo, kwani humfunza kutii onyo na kutopita njia asiyoijua. Lakini kijana aliyekwisha balehe akiendelea kulishwa mazimwi matupu, atajifunza jambo la hatari: kwamba waovu ni watu wa jinsi nyingine, na kwamba yeye, kwa kuwa si zimwi, hawezi kutenda uovu. Mtu mwenye imani hiyo hatajitambua siku atakapoanza kupotea. Aristotle, alipoandika juu ya tanzia, alisema kwamba anayetugusa ni yule ambaye si mwema kabisa wala si mwovu kabisa, bali ameanguka kwa kosa fulani. Sababu ni dhahiri: katika mtu wa namna hiyo twajiona wenyewe.

Filamu ya pili, ya mwaka 1980, ndiyo iliyolivua zimwi hili uzimwi wake. Kijana Luke Skywalker, akiwa katika mafunzo, anaingia pangoni na kupambana na kivuli cha Vader. Anakikata kichwa, kinyago kinapasuka, na uso anaouona ndani yake ni wa kwake mwenyewe. Baadaye, katika pambano la kweli, Vader anamkata mkono kisha anamwambia kwamba yeye ndiye baba yake. Tangu hapo swali la hadithi linabadilika. Halimo tena katika namna ya kumwua adui, bali limo katika namna baba alivyofikia hali ile, na kama mwana naye aweza kuifikia. Hapo ndipo hadithi ilipopata nguvu yake kubwa.

Filamu tatu zilizotolewa mwaka 1999, 2002 na 2005 zilirudi nyuma kujibu swali hilo. Twamwona Vader akiwa mtoto, jina lake Anakin, mtumwa pamoja na mama yake. Mashujaa wa chama cha Jedi wanamkomboa mtoto kwa ajili ya kipaji chake, na mama wanamwacha utumwani. Miaka inapita. Anamkuta mama yake akikata roho mikononi mwa watekaji, naye kwa hasira anaua kijiji kizima, wanawake na watoto pamoja. Anamsimulia mpenzi wake kitendo hicho. Mpenzi anamfariji, na baadaye wanaoana. Hakuna anayeziba ufa, na asiyeziba ufa hujenga ukuta. Hatimaye anaingiwa na hofu kwamba mke wake atakufa akijifungua. Palpatine, mtawala mwerevu, anamwahidi uwezo wa kuzuia kifo. Kwa ahadi hiyo Anakin anawageuka wenziwe na kuwaua hata watoto waliokuwa wakifunzwa nao. Na mke aliyetaka kumwokoa anakufa baada ya kukabwa koo na yeye mwenyewe.

Wazo hili ni zito, na wasomaji wa habari za Fumo Liyongo hawatalishangaa. Aliyemchoma Liyongo sindano ya shaba kitovuni hakuwa zimwi. Alikuwa mwanawe, aliyehadaiwa na mfalme kwa ahadi ya kuozwa. Uovu hupenda kuingia kwa mlango wa haja ya halali. Kijana yule alitaka mke. Anakin alitaka mke asife. Lakini kwa upande wa usimulizi filamu ya mwaka 2005 ina udhaifu: mtu anayelia kwa majuto baada ya kusaidia kuuawa kwa mwalimu mmoja anaonekana, usiku huo huo, akiwaua watoto. Njia iliyojengwa polepole kwa miaka mingi inamalizwa kwa kuruka, na mtazamaji anabaki nyuma.

Palpatine naye ana pande mbili. Kama mfano wa siasa amechorwa kwa ustadi. Hanyakui madaraka kwa upanga. Anapewa na baraza, kwanza kwa kisingizio cha dharura, na siku anapotangaza Dola wajumbe wanampigia makofi. Kila mwanafunzi wa historia atautambua mwenendo huo. Bali kama mtu, Palpatine hana njia. Hatumwoni alipoanza, na hatujui anataka nini zaidi ya kutawala na kucheka. Ni zimwi lililovaa joho la mjumbe. Mwaka 2019 udhaifu huo ulizidi, pale alipofufuliwa bila maelezo ya kutosha ingawa alikwisha uawa katika filamu ya mwaka 1983. Mwovu arudishwapo kwa sababu tu mtunzi amekosa mwovu mwingine, kifo hupoteza uzito, na sadaka ya yule aliyemwua hupungua thamani.

Sadaka hiyo inatuleta kwenye swali letu la pili. Mwishoni mwa filamu ya mwaka 1983 Palpatine anamtesa Luke, na Luke anamlilia baba yake. Vader anatazama, anasita, kisha anamwinua bwana wake na kumtupa shimoni. Anakufa mikononi mwa mwanawe, kinyago kikiwa kimevuliwa. Wahenga walisema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni vigumu kupata kisa kinachotimiza methali hii kwa ukamilifu zaidi. Zimwi lilimjua huyu mmoja kuwa ni damu yake, likamsaza.

Lakini methali hiyo ina upande wa pili ambao hatuusemi: wale ambao zimwi halikuwajua liliwala wakakwisha. Katika filamu ya mwaka 1977 Dola inailipua sayari nzima ya Alderaan pamoja na wakazi wake wote, na Vader amesimama nyuma ya Leia, binti wa kifalme wa huko, amemshika ili atazame. Hadithi haiwapi wafu hao hata dakika chache za maombolezo. Muda si mrefu baadaye twamwona Leia huyo huyo akimfunika Luke shuka na kumliwaza, kwa sababu Luke amefiwa na mzee mmoja. Aliyepoteza dunia yake yote ndiye anayefariji. Kisha, filamu ya mwaka 1983 inapokwisha, kivuli cha Anakin kinasimama kando ya vivuli vya walimu wema, kikitabasamu. Leia ni binti yake pia; Vader alimtesa; lakini katika filamu hizi hatumwoni akiulizwa kama amesamehe.

Yumkini mtu atasema kwamba tunadai mno, na kwamba toba ya kweli haihesabu. Hoja hii ina uzito. Luke aliutupa upanga wake na kukataa kumwua baba yake, naye akashinda kwa kukataa huko. Hilo ni fundisho bora kuliko mapambano yote yaliyotangulia. Luke alikuwa na haki kamili ya kusamehe mkono wake uliokatwa. Hakuwa na haki ya kusamehe kwa niaba ya Alderaan. Msamaha hutolewa na aliyedhulumiwa. Jamaa ya mwovu hawezi kuutoa kwa niaba yake. Toba ya Vader ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa toba ya mtu aliyemhurumia aliye wake. Kuwahurumia wasio wake ni somo ambalo hakuishi kulijifunza, na hadithi inafanya kama kwamba alilijifunza.

Upungufu huu unajitokeza tena kwa askari wa Dola. Wamevaa deraya nyeupe zinazofanana, hawana nyuso, nao hufa kwa makundi bila kuliliwa. Filamu ya mwaka 2015 ilifanya jambo jema ilipomwonyesha askari mmoja, Finn, akikataa kuwapiga risasi wanakijiji. Alipovua kofia yake ya chuma tulimwona kijana aliyenyang'anywa wazazi wake angali mtoto. Lakini baada ya kutuonyesha kwamba ndani ya kila deraya yumo mtu, filamu iliendelea kuwaua wenzake kama kawaida. Mlango ulifunguliwa, mtunzi asiingie.

Mwalimu afanye nini na hadithi za namna hii? Hatuoni sababu ya kuwakataza wanafunzi, kwani wataziona. Tuwafundishe kuuliza. Mwovu huyu alipita njia gani, na ni wapi ambapo mtu angeweza kumzuia? Ni nani walioumia, na je, hadithi inawakumbuka au inawapita? Msamaha umetolewa na nani, na ulikuwa wake kuutoa? Maswali haya yafaa kwa Vader, yafaa kwa mwana wa Liyongo, na yafaa kwa mazimwi ya ngano tunazowasimulia watoto wetu usiku.

Zaidi ya yote, yanafaa nje ya hadithi. Katika maisha ni wachache watakaokutana na zimwi lenye joho jeusi. Wengi watakutana na jamaa yao mwenyewe, mpole kwao, aliyewadhulumu watu ambao wao hawawajui. Siku hiyo moyo utawaambia kwamba mtu huyu ni mwema, kwa kuwa hakuwala wao. Aliyefunzwa vyema atakumbuka kuuliza habari za wale walioliwa.