Kura 80

Aprili 2003, Tume ya Uchaguzi ya Somaliland, eneo lililojitangazia uhuru kutoka Somalia mwaka 1991, ilimtangaza Dahir Riyale Kahin kuwa amemshinda Ahmed Mohamed Silanyo kwa kura 80. Kati ya kura zinazokaribia laki tano, 80. Watu wa kujaza basi moja, tena wengine wamesimama.

Uzito wa kura hizo unaanzia mwaka 1988, ndege za Siad Barre zilipoupiga mabomu mji wa Hargeisa hadi sehemu kubwa ikabaki kifusi. Wakati huo Silanyo alikuwa mwenyekiti wa SNM, wapiganaji waliokuwa wakipambana na serikali hiyo. Riyale alikuwa afisa usalama wa serikali hiyohiyo, kule Berbera. Na sasa, miaka 15 baadaye, afisa anampita mpiganaji kwa basi moja la watu, huku chama cha mpiganaji, Kulmiye, kikiwa na hesabu zake zinazoonyesha kwamba kimeshinda chenyewe. Bunduki hazikuwa mbali.

Silanyo aliyakataa matokeo, akaenda mahakamani. Mahakama ya Juu ikamwambia tofauti ni 217. Wazee wakaingia kati, na baada ya wiki kadhaa akakubali. Kulmiye ikakaa upinzani miaka 7.

Mimi niliwahi kushindwa uchaguzi wa darasa kwa kura tatu nikanuna muhula mzima, kwa hiyo kwa muda mrefu nilikisimulia kisa hiki kama kisa cha mtu mwema. Bado naamini ni kisa cha mtu mwema. Kinachonisumbua ni yaliyofuata.

Muhula wa Riyale ulipofika mwisho 2008, uchaguzi uliahirishwa, ukaahirishwa tena, na Guurti, baraza la wazee ambalo halijawahi kupigiwa kura na wananchi, likamwongezea muda. Kulmiye walipiga kelele, na walikuwa na haki. Juni 2010 wakashinda kwa karibu asilimia 50, Riyale akakabidhi ofisi.

Mwaka 2015 muhula wa Silanyo ukaisha. Guurti likamwongezea muda, hadi 2017. Muse Bihi wa Kulmiye akamrithi, na muhula wake ulipokaribia kwisha 2022, Guurti likamwongezea miaka miwili. Agosti mwaka huo wapinzani waliandamana Hargeisa kupinga ucheleweshaji, na kuna waliouawa.

Ni rahisi kusema wote ni walewale. Jibu hilo silipendi, linatupunguzia kazi ya kufikiri. Siamini kwamba Kulmiye walikuwa wakidanganya walipolalamika wakiwa nje. Na sababu za kuahirisha hazikuwa zote za kubuni. Ukame wa 2017 uliua mifugo kweli. Mfugaji anayehama kutafuta maji utampangia kituo gani cha kupigia kura?

Lakini hapo ndipo ninapoona ugumu. Mwaka 2003 Silanyo alikuwa na uchaguzi wa aina moja tu: kukubali, au kuhatarisha vita. Ubaya ulikuwa umesimama mbele yake mchana kweupe, na nchi nzima ilikuwa ikimtazama. Mwaka 2015 hakuna aliyemwomba afanye jambo la kutisha. Wazee wanaketi, wanataja ukame na daftari la wapigakura, siku inapita, na kesho yake rais bado ni rais. Mtu aliyeweza kujizuia na vita hakuweza kujizuia na miezi ya ziada. Nadhani wengi wetu tungefanana naye. Tunajiandaa kwa jaribu kubwa ambalo huenda lisije, na lile dogo linatukuta tumeketi tukinywa chai.

Wapinzani wa 2022 nao? Chama cha Waddani kilishinda Novemba 2024 kwa karibu asilimia 64, na Kulmiye ikakabidhi. Rais mpya, Abdirahman Mohamed Abdullahi, anayeitwa Irro, alikuwa spika wa Bunge lililochaguliwa 2005 kwa miaka 5. Bunge hilo liliongezewa muda na Guurti hadi 2021, na Irro alikalia kiti cha spika hadi 2017.

Je, alipolaani nyongeza ya Bihi alikosa haki ya kusema? Sidhani. Hoja yake ilikuwa sahihi hata kama aliwahi kuila nyongeza hiyohiyo. Ila aliyewahi kuila anajua, kuliko mwandamanaji yeyote, jinsi inavyomezeka bila kukwama kooni. Ujuzi huo ungeweza kumfanya mtu wa kwanza kulinyang'anya Guurti mamlaka hayo, au mtu wa kwanza kuyakumbuka mambo yakibana.

Irro aliapishwa Desemba 2024, kwa muhula wa miaka 5. Guurti alilolikuta ni lilelile.