HAKUFA MTU: JE, HAKUNA KOSA?

Asafiriye kwa njia kuu kutoka Dodoma kwenda Iringa hana budi kuvuka Mtera. Barabara yapita juu ya ukuta wenyewe wa bwawa: upande mmoja maji yametanda hata jicho lisifike mwisho wake, na upande wa pili lipo bonde la mto Ruaha Mkuu. Bwawa hilo lilijengwa katika miaka ya 1970 ili kutunza maji ya kuendeshea mitambo ya umeme ya Kidatu, na tangu mwaka 1988 Mtera nayo ina mitambo yake yenye nguvu ya megawati 80. Karibu na hapo vipo vibanda vya samaki, na madereva wa malori husimama, wakala, wakanyosha miguu, kisha wakashika tena usukani.

Hapo ndipo majuzi tulipokutana na kijana mmoja. Alipotambua kwamba tu padre, alitusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," akaomba kuketi nasi. Kwa muda wa miaka minne alikuwa utingo: kukaza kamba na turubai, kuweka mawe nyuma ya matairi mlimani, kulala juu ya mzigo usiku wa baridi. Kisha akapata leseni ya daraja E, na kampuni moja ya usafirishaji ikampa lori na trela lake. Nyumbani walishangilia. Mtoto wao sasa ni dereva.

Katika juma lake la pili alipakia mbao Mafinga za kupeleka Dodoma. Alikuwa hajalala tangu usiku uliotangulia. Kabla ya kuondoka Iringa akaona kwamba mpira wa upepo wa breki ya tairi moja la trela umepasuka. Akampigia simu tajiri wake, akaomba alale, na asubuhi atafute fundi. Akajibiwa kwamba mbao zangojewa alfajiri. Aukunje ule mpira, aufunge, aende. Na kama anaogopa, wapo kumi wanaoungoja ufunguo ule. Mchana wa siku hiyo hiyo mama yake alikuwa amempigia kumkumbusha ada ya mdogo wake. Basi akaukunja mpira, akaufunga, akaenda.

Wasomaji wetu wa sehemu zile wanaijua njia hiyo. Mji wa Iringa umekaa juu, zaidi ya meta 1,500. Mtera haifiki hata meta 750. Katikati upo mlima Nyang'oro, na lori lenye mzigo lapaswa kuteremka kwa gia nzito, polepole, likizuiwa na injini yake. Maana dereva akikanyaga breki mfululizo, zapata moto, na zikipata moto hazishiki tena. Kijana aliteremka huko saa nane ya usiku, tairi moja halina breki, na mara mbili alishtuka akijiona amesinzia. Akapita Migoli, akavuka Mtera, akafika Dodoma jua likichomoza. Mbao zikashushwa, akapewa posho yake, akaambiwa, "Sasa umekuwa dereva."

"Baba," akatuuliza, "sikumgonga mtu. Sikuangusha hata ubao mmoja. Mbona moyo wangu hautulii? Je, nilitenda kosa?"

Utingo wake alimwita kabla hatujamaliza kumjibu. Kwa kuwa twajua kwamba vijana wa namna yake wamo katika nyumba nyingi lifikamo gazeti hili, twaona yafaa tumjibu hapa.

Wengi watamjibu upesi: hakufa mtu, basi hakuna kosa. Jibu hilo lapendeza masikioni, lakini si la kweli. Tuwaze madereva wawili walioteremka mlima ule usiku mmoja, wote wawili wakiwa na usingizi, wote wawili na breki iliyofungwa. Wa kwanza aikuta njia tupu, afika salama. Wa pili, chini ya mteremko, akuta gari lililoharibika, na watu wamesimama kandokando yake. Ashindwa kulizuia lori, aua watu watatu. Je, huyu wa pili alitenda nini ambacho wa kwanza hakukitenda? Hakuna. Walichagua neno lile lile, wakijua mambo yale yale. Tofauti yao haikutoka mioyoni mwao; ilitoka njiani.

Sheria ya nchi itamwadhibu zaidi yule aliyeua, wala hatuilaumu, kwa sababu serikali yapaswa kuyatazama majeraha na kuwatendea haki wajane. Lakini dhamiri ni baraza jingine. Haiulizi kwanza, "Yametokea nini?" Yauliza, "Ulichagua nini, nawe ulijua nini?" Mtunza fedha wa chama cha ushirika akichukua fedha za wanachama, akaenda kuzichezea kamari, akashinda, akazirudisha zote kabla ya mapambazuko, wanachama hawakupoteza hata senti moja. Je, tutamwita mtu mwaminifu? Hata kidogo. Alichezea mali isiyo yake. Basi dereva aendeshaye hali amesinzia achezea kitu kilicho bora kuliko fedha, nacho ni uhai wa watu ambao hawakuulizwa.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya ule usemi upendwao sana na watu wetu, "Ajali haina kinga." Twausikia kila penye msiba wa barabarani, na mara nyingi wafuatwa na maneno, "Ni mapenzi ya Mungu." Zipo ajali zisizo na kinga kweli: dereva mzima aweza kuzimia ghafula, mti waweza kuanguka mbele ya gari. Lakini mpira uliokunjwa una kinga, nayo ni fundi. Usingizi una kinga, nao ni kulala. Kumwekea Mungu mzigo wa uzembe wetu si uchaji. Ni kulitaja bure jina lake takatifu ili tusiulizane maswali. Mfiwa afarijiwe kwa imani, naam. Lakini wakati huo huo mkaguzi aitazame breki.

Zamani barabara yenyewe ilikuwa msimamizi wa dereva. Wazee wanakumbuka habari za lori za kwenda Zambia baada ya tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, na mafuta ya Zambia yakalazimika kupita kwetu. Njia ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa ya vumbi na matope sehemu kubwa, na wageni waliiita Njia ya Jehanamu. Wengi walipata taabu humo, na wengine walikufa. Njia yetu hii ya kati, iliyokuwa sehemu ya Barabara Kuu ya Kaskazini, nayo ilikuwa na vumbi lake. Siku hizi kuna lami: sehemu ya Iringa na Dodoma ilitengenezwa katika miaka ya 2010, na ile ya Dodoma hadi Babati ilifunguliwa mwaka 2018. Twashukuru sana. Lakini tukumbuke kwamba tope lilimlazimisha mtu kwenda polepole na kulala njiani, apende asipende. Lami haimlazimishi. Kizuizi kilichokuwa ardhini sasa chapaswa kuwamo ndani ya mtu.

Sheria imejaribu kusaidia. Lori kubwa haliruhusiwi kupita mwendo wa kilometa 80 kwa saa. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 yaweka saa 45 za kazi kwa juma, yakataza kazi ipitayo saa 12 kwa siku, na yampa mfanyakazi mapumziko ya kila siku. Hayo ni mema. Lakini polisi hawezi kusimama Nyang'oro kila usiku saa nane. Saa ile yupo dereva, yupo utingo aliyelala, na yupo Mungu.

Je, kosa la usiku ule ni la kijana peke yake? Hasha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba utii kwa wakubwa una mpaka: mkubwa akiamuru neno lililo kinyume cha amri iliyo juu yake, mdogo hafungwi kumtii. Nayo amri iliyo juu ya tajiri yeyote ni hii, Usiue. Mwaka 2007 Vatikano ilipotoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, iliweka humo amri kumi za dereva, na ya kwanza ikawa hiyo hiyo. Basi kijana hakufungwa kutii. Lakini walimu wa maadili wasema pia kwamba hofu hupunguza lawama, ingawa haiifuti. Kijana aliogopa kupoteza kazi aliyoingoja miaka minne. Lawama yake ipo, ila ni ndogo.

Ya tajiri ni kubwa kuliko yake. Yeye hakuwa na usingizi. Alikuwa kitandani mwake, mwenye nafasi ya kufikiri. Hakuhatarisha mwili wake hata kidogo. Atasema, "Sikumshika mkono, alikubali mwenyewe." Papa Leo XIII alikwisha kuliangalia neno hilo mwaka 1891 katika waraka wake *Rerum Novarum*: mfanyakazi akubaliye sharti gumu kwa kusukumwa na shida atendewa jeuri, hata akiwa amekubali kwa kinywa. Papa huyo huyo alifundisha kwamba kazi isizidi nguvu za mtu. Tajiri amtumaye mtu aliyechoka ameiba usingizi wake. Na mwenye mbao adaiye mzigo alfajiri, bila kuuliza utafikaje, naye asijione yu mbali.

Kijana atasema, "Kama ningekataa, mwingine angekwenda." Huenda ni kweli. Lakini kwa hoja hiyo hakuna uovu usioweza kutetewa, maana hakuna uovu usio na mtu wa kuufanya. Mwingine akienda, lori litakwenda kwa mkono wake yeye, na hesabu itakuwa yake. Sisi tutaulizwa juu ya mikono yetu.

Twajua ni rahisi kuandika hivyo mezani kuliko kutenda Iringa usiku, simu ikiwa sikioni. Hatupendi kumtwika mnyonge peke yake mzigo wa ushujaa. Lakini kati ya kutii kila neno na kufukuzwa kazi ipo mara nyingi njia ya tatu, nayo yaonekana vema zaidi siku ya kwanza kuliko siku ya mia. Dereva mpya aseme mapema, kwa adabu, kwamba yeye gari lisilo na breki haliondoi. Kila ubovu auandike, aupeleke kwa maandishi, asiuseme kwa mdomo tu. Tajiri wengi hutoa amri kwa simu ambazo wasingethubutu kuzitia sahihi. Akisinzia, asimame mahali pa salama alale, kisha aeleze kwa nini amechelewa. Tena atafute wenzake, waungane. Dereva mmoja akikataa atafukuzwa. Ishirini wakikataa watasikilizwa. Ndiyo maana Kanisa limetetea haki ya wafanyakazi ya kuungana.

Aangalie pia asilipe kosa kwa kosa. Wako wasemao, "Tajiri ananionea, nami nitanyonya mafuta yake niyauze njiani." Hivyo tajiri humwita dereva mwizi, dereva humwita tajiri mnyonyaji, kila mmoja akijitakasa kwa dhambi ya mwenzake. Na siku ile dereva atakapotaka kukataa gari bovu, atakuwa hana kinywa, kwa sababu tajiri anajua habari za mafuta. Anayetaka kusema hapana kwa sauti kubwa na awe na mikono safi.

Limebaki neno moja, nalo latuhusu sisi tulio nyumbani. Kijana hakuwa na sauti moja tu sikioni usiku ule. Alikuwa na mbili, ya tajiri na ya mama. Mama hakukosa kutaja ada. Lakini tujiulize: mtoto wetu aanzapo kazi ya lori, tunamwuliza nini kwanza? Mara nyingi twauliza, "Umepata ngapi? Utatuma lini?" Ni nadra kuuliza, "Umelala? Gari ni zima?" Tukimwuliza ya kwanza peke yake kila siku, twamfundisha kwamba fedha zikichelewa ni msiba, na hatari ni jambo lake mwenyewe. Ndipo tajiri wake hana haja ya kumlazimisha. Sisi tumekwisha kumsaidia. Mzazi amwambie mwanawe waziwazi: "Ukichelewa kwa sababu ulilala, tutangoja. Ukifukuzwa kwa sababu ulikataa gari bovu, rudi nyumbani, tutakula kilichopo." Kijana aliyeambiwa hivyo ataweza kumjibu tajiri wake kwa moyo mwingine.

Na wewe kijana wa Mtera, ikiwa gazeti hili litakufikia, jibu letu ni hili. Ndiyo, ulikosa, ingawa si wewe uliyekosa zaidi, na ingawa hakufa mtu. Huo moyo usiotulia usiutafutie dawa ya kuulaza. Katika lori lile lote, usiku ule, ndiyo breki pekee iliyokuwa nzima. Mshukuru Mungu kwamba ulifika, ukaungame, ukatengeneze mpira ule kabla hujapakia tena.