Nchi Haikuwa Tupu

Tangu serikali ihamie Dodoma, kuna kauli inayorudiwa na wengi waliohamia nayo: kwamba huku palikuwa pori tu. Utaisikia kwenye daladala za Chamwino, utaisikia vikaoni, na anayeitamka mara nyingi hana nia mbaya. Anasifu barabara, anasifu majengo, anasifu Ikulu mpya iliyozinduliwa Mei 2023. Kwake yeye historia ya nyanda hizi inaanza mwaka 1973, ulipopitishwa uamuzi wa kuhamisha makao makuu kutoka Dar es Salaam, kisha inaruka hadi 2016, safari yenyewe ilipoanza kwa dhati. Hayo yote ni kweli. Lakini kusema nchi ilikuwa tupu ni kutoa hukumu juu ya watu, kwamba waliokuwapo hawakuhesabika, na hukumu ya namna hiyo haipiti bila kumwacha uchi anayeitoa.

Wagogo hawana kiburi hicho. Mathias Mnyampala, mshairi mzaliwa wa Ihumwa, aliwaandikia watu wake kitabu cha historia, mila na desturi mwaka 1954, na mpaka leo mzee wa Kigogo ukimuuliza asili ya ukoo wake atakusimulia safari: walitokea wapi, walipita wapi, nani aliwapokea. Anayekumbuka kwamba alifika hukumbuka pia kwamba alikuta mwenyeji.

Mwenyeji huyo ameacha nyayo kaskazini mwa mkoa huu, kwenye miamba ya Kondoa. Huko Kisese, mwaka 1956, mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba sakafu ya pango akashuka mita kadhaa, tabaka chini ya tabaka, na vipimo vilivyofanywa upya miaka ya karibuni vinaonyesha kwamba watu walikuwa wakilitumia pango lile zaidi ya miaka 40,000 iliyopita. Walikuwa wawindaji na waokota matunda na mizizi. Hawakuacha ngome wala kaburi la mfalme. Waliacha zana za mawe, vipande vya udongo mwekundu wa rangi, na shanga za ganda la yai la mbuni.

Hebu tukae kidogo na hizo shanga. Ganda huvunjwa vipande vidogo, kila kipande kikatobolewa kwa ncha ya jiwe, tena polepole, maana ukifanya haraka kinapasuka na kazi yote imepotea. Kisha kingo zinamenywa, na kipande kinasuguliwa juu ya jiwe la kusagia hadi kiwe duara la kupendeza, dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Shanga haishibishi, wala haimfukuzi simba. Mtu aliyekuwa na njaa ya kutosha, na mchana wa kuwinda ukimponyoka, aliketi akasugua ganda. Alimtengenezea nani? Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha shanga za namna hii za Afrika Mashariki na za kusini mwa Afrika, ukakuta kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita zilikaribia kufanana kabisa, ingawa zilitenganishwa na zaidi ya kilomita 3,000. Watu walikuwa wakipeana, wakiigana, wakijuana kwa mkono hadi mkono. Sisi wenye simu mfukoni tunaishi mtaa mmoja wa Chamwino bila kujua jina la jirani, halafu tunawaita wale washenzi.

Juu ya sakafu hizo kuna kuta zilizochorwa. Eneo la michoro ya miambani ya Kondoa liliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, likiwa na mapango zaidi ya 150 yenye picha. Za zamani zaidi ni nyekundu: twiga, pofu, tembo, watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu. Mary Leakey na mumewe Louis walitumia miezi kadhaa ya mwaka 1951 kuzinakili, na kitabu alichokitoa mwaka 1983 kilibeba onyo katika jina lake, kwamba sanaa hii inatoweka. Hata hivyo mwamba haujamaliza kusema. Mwaka 2018, katika Pori la Akiba la Swaga Swaga, mtafiti kutoka Poland alikuta ukuta uitwao Amak'hee 4, wenye safu za watu waliochorwa kwa wekundu, na watatu kati yao wanaonekana kuwa na vichwa vya nyati.

Wataalamu wengi huhusisha picha hizo nyekundu na wahenga wa Wasandawe. Na hapa ndipo ulimi wetu unapokosa adabu. Wasandawe wapo. Wanaishi Chemba, wanalima, wanafuga, watoto wao wako shuleni, na lugha yao yenye sauti za kidoko inasemwa hadi leo. Kumwita mtu aliye hai "mabaki ya kale" ni kumzika akiwa anapumua.

Tazama sasa walivyofanya Warangi. Walifika Kondoa wakakuta miamba imekwisha kuchorwa na watu wengine. Wangeweza kusema haituhusu. Badala yake, pale Mungomi wa Kolo walipaona pa heshima, wakapafanya mahali pa tambiko, pa kuombea mvua na kuponyea wagonjwa. Wakulima waliokuja baadaye waliongeza michoro yao myeupe, mara nyingine juu ya ile myekundu, kwa hiyo siwezi kusema kila mgeni alikuwa na mkono mwepesi. Wahifadhi nao wana hoja wanapohofia pombe ya tambiko inayorushwa ukutani. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliwaza zaidi kitu kuliko mtu, na mimi nauona huo ndio udhaifu wake: ulinde picha kisha umfukuze anayeiheshimu, utakuwa umelinda nini?

Adui mkubwa zaidi ni yule anayekuja usiku na sururu kutafuta mali za Wajerumani, dhahabu inayosemekana ilifukiwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Amechimba sakafu za mapango hata huko Kolo. Anatupa kando udongo wenye shanga na mawe ya maelfu ya miaka, akitafuta sanduku la mkoloni. Ni mtu maskini, sitamtukana. Ila nani alimfundisha kwamba hazina ya nchi hii lazima iwe imeachwa na Mzungu?

Mbali na sisi, kwenye nyanda za magharibi mwa Kanada, katika jimbo la Alberta, wenzetu wamepita njia ile ile. Liko genge la mawe ambalo wenyeji walikuwa wakisukumia nyati chini kwa karibu miaka 6,000. Likawa Urithi wa Dunia mwaka 1981, na wanaowaongoza wageni pale ni Wablackfoot wenyewe. Mwaka 2019 ikafuata Áísínai'pi, bonde lenye michoro ya miambani, ambako jamii hiyo bado inafanya ibada zake. Huko pia walowezi walisema nyanda zilikuwa tupu, na wenyeji walilipa gharama ya uongo huo kwa ardhi na kwa watoto. Kuheshimiwa kwao leo kumekuja kwa kuchelewa mno.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tusemavyo. Sisi tulioingia Dodoma na mafaili na magari, mwenyeji gani amepona kwa ujio wetu?

Barabara ya lami sasa inatoka Dodoma mjini, inapita Kondoa na Kolo hadi Babati. Mzazi wa Chamwino mwenye nafasi, na mwalimu mwenye basi la shule, wafike Kolo na watoto. Wamlipe mwongozaji wa kijijini, wamsikilize kabla ya kutoa simu, wasiguse ukuta, na wasimwage maji juu ya michoro ili picha itoke vizuri.