Ukimya wa Injini na Haki ya Mnunuzi

Je, kuinyamazisha injini kuukuu kwa oili nzito kabla ya kuuza matatu Changamwe au Likoni ni uongo, ilhali muuzaji hajatamka neno? Naamini ni uongo. Oili nzito kama ya 20W-50 huweka utando mnene kati ya vyuma vilivyolika, kelele ikapungua. Lakini chuma hakirudi. Atasema mtu: hayo ni matunzo halali ya injini iliyochoka. Kweli, ila matunzo hutajwa, hila hufichwa. Mwingine atasema mnunuzi afungue macho. Ataona nini, ikiwa oili nyeusi yaweza kuwa inasafisha kwa kubeba masizi, na ile safi huenda imetiwa jana? Sheria ya Kiislamu humpa mnunuzi hiari ya kurudisha bidhaa yenye kasoro iliyofichwa. Dhima, basi, ni ya anayejua.