Farasi wa Stuttgart: Je, kupenda gari zuri ni dhambi?

VIJANA wa mjini huwauliza walimu wao wa dini swali ambalo kwa nje linaonekana la mchezo: Ustadh, ni makosa kupenda gari zuri? Hawakusudii gari la kwendea kazini. Wanakusudia yale wanayoyatazama kwenye simu usiku, na mojawapo lisilokosa kutajwa ni Porsche 911 la Wajerumani.

Jibu wanalopewa mara nyingi ni fupi: hayo ni mapambo ya dunia, achaneni nayo. Kwa maoni yangu hilo ni jibu la uvivu. Kijana hubaki akidhani kuwa Uislamu hauna la kusema kuhusu kitu kizuri isipokuwa kukikataza, na kesho akiwa na swali zito zaidi hamrudii tena mwalimu huyo. Anakwenda kuuliza kwingine.

Basi tukitazame kitu chenyewe kabla ya kukihukumu. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt, Septemba 1963, likiitwa 901. Kampuni ya Peugeot ya Ufaransa ikalalamika kuwa majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni haki yake, ndipo likaitwa 911. Umbo lake lilichorwa na Ferdinand Alexander Porsche, mjukuu wa Ferdinand Porsche yule aliyeunda Volkswagen ya mgongo wa kobe kwa ajili ya utawala wa Hitler (wanaoitukuza familia hii wasilisahau hilo). Injini yake ilikuwa ya lita mbili, silinda sita zilizolazwa, nguvu za farasi 130, ikipozwa kwa upepo badala ya maji. Na iliwekwa nyuma kabisa, kupita hata magurudumu ya nyuma.

Hapo ndipo penye kisa. Uzito wote ule ukikaa mkiani, dereva akiingia kona kwa kasi kisha akaachia mafuta ghafla, nyuma ya gari inataka kuwa mbele. Toleo la turbo lililotoka katikati ya miaka ya 1970 liliitwa na watu "mtengeneza wajane". Kampuni yenyewe ilifika mahali ikataka kulizika. Mwaka 1977 ikatoa 928, injini mbele, silinda nane, na mwaka uliofuata gari hilo likatunukiwa kuwa gari bora la mwaka barani Ulaya. Huyo ndiye aliyeandaliwa kuwa mrithi. Lakini mwaka 1981 kampuni ikapata mkurugenzi mpya, Peter Schutz, ambaye husimuliwa kuwa alikuta ukutani chati ya mipango ambayo mstari wa 911 umekatwa, akachukua kalamu akauendeleza mpaka nje ya karatasi. Mrithi aliacha kuundwa mwaka 1995. Mzee bado anatoka kiwandani, na gari la milioni moja la jina hilo lilitoka Mei 2017.

Siri ni nini? Si kasi, kwani yapo yanayokimbia zaidi. Ninavyoona mimi, watu wanavutiwa na kazi ambayo haikuachwa njiani. Aibu ile ya injini ya nyuma haikufichwa wala gari halikutupwa. Ilitibiwa kidogo kidogo. Kwa magari ya mwaka 1969 magurudumu ya nyuma yalirudishwa nyuma milimita 57, matairi yakaendelea kupanuliwa, miaka ya 1990 miguu ya nyuma ikaundwa upya. Umbo likabaki lile ambalo babu na mjukuu wote wanalitambua kwa mbali. Sisi tunalo jina la jambo hilo, itqan, yaani kuitimiza kazi. Mtume (saw) amefundisha kuwa Allah (sw) ameandika ihsani katika kila kitu, na mfano alioutoa ni wa kuchinja: mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Ikiwa kisu kinastahili uangalifu huo, basi moyo wa Mwislamu unaoguswa na kazi iliyotimia haujapotoka.

Isitoshe, jambo hili si geni katika dini, kwa sababu kabla ya magari walikuwapo farasi. Hata nembo ya Porsche ina farasi, kwa vile jina la mji wa Stuttgart linatokana na shamba la kuzalishia farasi. Katika Sura An-Nahl, aya ya 8, Allah (sw) anataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni wa kupanda na pia ni pambo. Mtume (saw) mwenyewe aliandaa mashindano ya farasi Madina. Na katika Sura Sad, aya ya 31 hadi 33, Nabii Sulayman (as) anaoneshwa jioni farasi wazuri, anashughulika nao, kisha anaamuru warudishwe na kuwapitishia mkono miguuni na shingoni. Wapo wafasiri waliosema aliwachinja kwa kuwa walimsahaulisha Swala. Imam Tabari aliipa nguvu kauli inayotoka kwa Ibn Abbas kwamba aliwapapasa kwa mapenzi, kwani Nabii hawezi kuharibu mali yake na kumuumiza mnyama asiye na kosa. Farasi ni walewale. Mwanachuoni mmoja ameona kisu, mwingine ameona kiganja.

Kinachotenganisha mambo kimeelezwa katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim: farasi kwa mtu mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni stara, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi. Huyo wa tatu ni aliyemfuga kwa fahari, riya na uadui. Hadithi haikutaja bei ya farasi. Na Masahaba walipouliza kuhusu anayependa nguo na viatu vizuri, waliambiwa kuwa kibri ni kukataa haki na kuwadharau watu. Kwa kipimo hicho, mwenye Noah ya mkopo anayemrushia maji ya dimbwi mwenda kwa miguu na kuendelea na safari yake ana kesi kubwa kuliko kijana mwenye picha ya 911 ukutani.

Fahari ya mwendo nayo haidumu. Ngamia wa Mtume (saw), al-Adhbaa, hakuwa akipitwa, mpaka bedui mmoja akampita kwa ngamia wake mdogo. Waislamu waliona uchungu, Mtume (saw) akawaambia kuwa Allah hakiinui kitu cha dunia ila hukishusha. Katika Safari Rally ya mwaka 1974 huko Kenya, 911 la Msweden Björn Waldegård lilishika nafasi ya pili, nyuma ya Mitsubishi Lancer ndogo ya Mkenya Joginder Singh. Mwaka 1978 likawa la pili tena.

Kwangu mimi, penye hatari zaidi siku hizi si barabarani. Magari ya zamani, yale yaliyopozwa kwa upepo ambayo utengenezaji wake ulikoma mwaka 1998, yananunuliwa kwa bei ya nyumba na kufungiwa chini ya turubai ili kilomita zisiongezeke na bei ipande. Hata wenzetu wa Ghuba wamo katika biashara hiyo. Gari la matumizi halina Zaka, lakini lililonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni bidhaa. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, thamani yake ikifikia nisabu hutolewa asilimia 2.5 ya bei ya soko kila mwaka. Imam Malik alimpa nafuu mfanyabiashara anayesubiri bei ipande: hutoa mara moja, siku atakapouza. Mwenye gari la namna hiyo ajiulize alinunua kwa nia gani. Kama alitaka kuliendesha, aondoe turubai. Kama alitaka faida, ajue bei yake ya leo sokoni, kwani masikini wana fungu lao humo.