Kamba ya Demani

Fungu la kusoma ni Matendo ya Mitume, sura ya 27, yote pia. Wala msiliache katikati, maana habari yake ni moja.

Mimi ni mtu wa milimani. Nalipotumwa kufundisha pwani, karibu na Tanga, sikujua tofauti ya mlingoti na foromali, nami naliogopa maji yapitayo magoti. Walakini wanafunzi wangu wengi ni wana wa wavuvi, na mwalimu asiyejua kazi ya watu wake huwahubiri kama aliye ng'ambo. Basi nalimwendea mzee mmoja mwenye ngalawa, Mwislamu, mtu mpole sana, nikamwambia, "Shikamoo, babu. Nataka kujifunza tanga." Akaitazama miguu yangu, akasema, "Marahaba, mwalimu. Kwanza vua viatu."

Siku ya kwanza hatukutweka tanga kabisa. Aliniketisha mchangani akaniuliza, "Upepo watoka wapi?" Nikaonyesha kwa kidole, nikakosea. Akanifundisha kugeuza uso polepole mpaka masikio yote mawili yausikie sawasawa. Kisha kutazama makuti ya minazi, na moshi wa jikoni, na vile viwimbi vyembamba vikimbiavyo juu ya maji. Asubuhi umande hutoka bara na kuwasukuma wavuvi nje. Alasiri upepo wa bahari huwarudisha. Asiyejua hayo, alisema, asiguse kamba.

Kisha nalishika kana ya shikio. Ukiisukuma kuume, omo huenda kushoto. Mimi nalidhani mkono na chombo huenda njia moja, basi tukazunguka mahali pamoja, na watoto ufuoni wakacheka. Nikajifunza pia kwamba hakuna chombo cha tanga kiwezacho kuukabili upepo uso kwa uso. Atakaye kwenda utokako upepo hana budi kubisha: huenda kwa mshazari huku, hupindua tanga, huenda kwa mshazari kule, na njia fupi huwa ndefu.

Lakini somo lililonikaa moyoni ni la demani, yaani kamba ya pembe ya nyuma ya tanga. Ukiivuta, tanga hujaa. Ukiilegeza, tanga huutema upepo. Amri ya mzee ilikuwa moja: "Demani hushikwa kwa mkono. Haifungwi." Siku ya tano mikono yangu ilikuwa imechubuka. Mzee alikuwa amegeuka akifua maji, nami nikaifunga demani kwenye tengo la nyuma kwa fundo la nguvu. Punde upepo ukavuma kwa ghafula. Upande mmoja wa ngalawa ukazama, maji yakaingia, nami nalivuta lile fundo lisifunguke. Mzee akaikata kamba kwa kisu. Tanga likapigapiga, ngalawa ikainuka. Hakunikemea. Alisema tu, "Kamba yangu mpya, mwalimu."

Usiku ule nalisoma habari za safari ya Paulo. Upepo wa kusini ulipovuma kwa upole, wale mabaharia walidhani wamepata walichokitaka, wakaondoka Bandari Nzuri wakaambaa Kirete. Ndipo Eurakilo ikawashukia. Merikebu haikuweza kushindana nayo, wakaiacha ichukuliwe. Zamani nalidhani hapo wameshindwa. Kumbe waliijua kazi yao. Walitupa shehena, wakatia nanga 4 za tezi, na kulipokucha wakazilegeza kamba za usukani, wakatweka tanga dogo, wakaelekea pwani. Merikebu ilivunjika, katika watu 276 hakupotea hata mmoja.

Sisemi kwamba tuziache kanuni za usharika. Tanga lisilo na demani halimfikishi mtu popote. Nasema juu ya fundo.

Maana katika daftari langu la wanafunzi wa ubatizo mlikuwamo jina la kijana mmoja nililolipiga mstari. Alikosa kuja mara tatu, na kanuni yetu ni mara tatu. Sikuuliza neno. Yule mzee ndiye aliyeniambia, tukianika tanga, kwamba baba yake kijana hainuki kitandani tangu kaskazi, na mwenye kuwalisha ndugu zake wadogo ni yeye peke yake. Na umande hauingoji saa ya masomo. Nyumba yao iko hatua chache tu kutoka kanisani. Nalikuwa nimepita mlangoni pake kila siku.

Nalikwenda Jumamosi. Alinipokea kwa heshima, akanipa samaki wawili, akasema, "Nimesikia, mwalimu." Nalimwomba radhi mbele ya baba yake. Jina lake nimeliandika upya, na masomo sasa huanza alasiri, vyombo vikiisha kurudi. Yeye hajaja bado. Mwombeeni, ndugu zangu, nami mniombee.