Hatari ya Kukosea

Chukua mabamba mawili ya feleji, yale yanayofunika mitambo ya ubavuni mwa bunduki ya mitutu miwili. La kwanza limetiwa nakshi kwa mkono huko Gardone Val Trompia, bonde la mafundi wa silaha kaskazini mwa Brescia, Italia. La pili limechorwa kwa leza. Yote mawili yana bata wanaoruka kutoka kwenye matete, na ukisimama hatua mbili huoni tofauti. Bei zimeachana mbali sana, kwa kuwa la kwanza limekula miezi ya fundi na la pili saa chache za mashine. Ninachotaka kujua ni kama anayelipa zaidi analipia kitu kilichomo katika chuma, au analipia hadithi tu.

Watetezi wa mkono huwa na jibu la haraka: kasoro. Mhakiki wa sanaa John Ruskin, katika kitabu chake The Stones of Venice, aliziona kasoro za wachonga mawe wa Zama za Kati kuwa dalili ya uhuru wao. Hapa sikubaliani naye. Mafundi wakubwa wa nakshi za bunduki hutumia maisha yao kuzifukuza kasoro. Anayetumia bulino, ile kalamu ya chuma yenye ncha kali, huinama juu ya jiliwa, akatazama kwa hadubini na kudonoa maelfu ya vitone ili kivuli cha bawa kififie taratibu mpaka kwenye mwanga. Ukimwambia mtu huyo kwamba uzuri wa kazi yake uko pale mkono ulipoteleza, umemtukana. Isitoshe, kasoro huigika. Programu inaweza kuagizwa iyumbishe kila mstari kidogo.

Basi tusogeze lenzi. Bulino husukumwa mbele na kuinua unyuzi wa chuma kama jembe linavyopindua udongo, ikiacha mfereji wenye kuta zinazong'aa. Mfereji huanza mwembamba, hupanuka pale fundi alipolaza mkono, kisha huchongoka na kuisha. Kuta zile hushika mwanga, na ukiligeuza bamba, majani yaliyojisokota huonekana yakitembea. Leza haikati. Huyeyusha feleji na kuigeuza mvuke kwa mipigo mifupi ya nuru, tabaka baada ya tabaka, na chuma kilichoyeyuka huganda tena kandokando, hivyo chini hubaki chembechembe zisizong'aa. Tofauti ipo, na jicho lililozoea huiona. Lakini ni tofauti ya mashine za leo. Kesho wahandisi wanaweza kuiziba, na hoja iliyosimama juu yake peke yake itaanguka.

Aliyenisaidia zaidi ni David Pye, fundi wa mbao na mwalimu wa Royal College of Art mjini London. Katika kitabu chake cha 1968, The Nature and Art of Workmanship, alitenganisha kazi ya hatari na kazi ya uhakika. Katika ya kwanza, matokeo yako rehani muda wote fundi anapofanya kazi, yakitegemea uamuzi wake, wepesi wa mkono wake na uangalifu wake. Katika ya pili, yameshaamuliwa kabla kifaa hakijagusa kitu. Leza ni uhakika uliokamilika, na uhakika una mahali pake. Sheria ya Marekani inataka namba ya mfululizo ya bunduki iingie ndani ya chuma kwa kina kisichopungua inchi 0.003, na hakuna anayetaka mtu ajaribu bahati yake hapo.

Ila Pye ananiachia swali gumu. Mtelezo ambao haukutokea hauachi alama. Kwa nini hatari aliyoivuka fundi iniongezee mimi chochote?

Naona ni kwa sababu hatari humlazimisha awepo. Feleji huchorwa ikiwa bado laini, kabla ya kutiwa moto ikakazwa, na kilichokwisha kutoka hakirudi. Jicho la bata likitoka limekufa, fundi hawezi kulifuta. Itambidi akoleze kivuli kando yake, ainue shingo kidogo kwa mistari mipya, abadili alichokusudia. Kila mstari umekatwa na mtu aliyekwisha kuiona mistari iliyoutangulia, juu ya chuma hikihiki. Leza nayo ina mtunzi wake. Yuko aliyechora, akafuta, akarudia, na huenda ni msanii hodari kuliko yule wa Gardone. Lakini maamuzi yake yote yalikwisha kabla bamba halijafungwa mahali pake.

Na tukumbuke nakshi yenyewe ni nini. Haiifanyi risasi iende mbali zaidi wala inyooke. Naijua dhiki ya swali la kwa nini uangalifu mwingi hivi umwagwe juu ya chombo cha kuua. Dhiki hiyo ninayo mimi pia. Hata hivyo nakshi ipo kwa ajili hiyo tu, kuonyesha kwamba mtu alijali kupita kiasi kilichohitajika. Mashine inapoondoa gharama ya kujali, umbo hubaki na ushahidi huondoka.

Hili halikuanza na leza. Silinda ya bastola ya Colt Navy ya 1851 ina picha ya manowari za Texas zikipambana na za Mexico karibu na Campeche, tarehe 16 Mei 1843. Waterman Ormsby wa New York, mchoraji wa mabamba ya noti za benki, aliichora kwa mkono. Kisha rola ngumu yenye picha hiyo ikabiringishwa kwa nguvu juu ya silinda moja baada ya nyingine, zaidi ya 200,000, na jina lake likiwamo. Sioni udanganyifu wowote hapo. Zama hizohizo Gustave Young, fundi aliyetoka Ujerumani, alikuwa akizitia bastola za Colt nakshi kwa mkono, moja moja, na hakuna aliyezichanganya kazi za wawili hawa.

Leo mpaka huo unafifia. Leza huchimba mchoro wote, kisha fundi hupita na bulino kwenye kingo ili zing'ae, na bunduki ikauzwa kwa sifa kwamba imekamilishwa kwa mkono. Sina ugomvi na njia hiyo. Huenda ikawapatia riziki vijana ambao wasingepata miaka ya kujifunza. Ugomvi wangu uko kwenye sahihi. Jina la Ormsby lilitaja mchoraji wa picha. Jina chini ya bamba la Gardone linataja aliyekata chuma. Katika bamba la mseto ningependa yaandikwe majina mawili, la aliyechora na la aliyepitisha bulino, na leza itajwe waziwazi. Na kama sahihi yenyewe imechomwa na leza pamoja na bata, muuzaji aniambie kabla sijauliza.